Tableti ndogo ao mashine ya kusomea: namna ya kuchagua ukiwa Lubumbashi

Kabla hujauliza bei, fungua simu yako uangalie faili zilizomo. Zile unazosoma kweli, maana zile unazojiahidia kila Januari hazihesabiwi. Mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha hapa, atakuta silabusi (maandishi ya kozi) zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, zikatumwa kwenye kikundi cha WhatsApp huku zimepinda upande mmoja. Mama anayefundisha watoto kanisani atakuta Biblia, nyimbo na masomo mafupi. Mpenda riwaya atakuta vitabu vya EPUB alivyoshusha usiku. Wote watatu wanaweza kuwa na dola 120 mkononi, lakini kifaa kitakachomfaa mmoja kitamuudhi mwenzake.

Watu wengi hulinganisha mashine na mashine: ipi ina kioo kizuri, ipi ina betri kubwa. Mimi naona kinachoamua ni faili. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na faili, na sokoni tutafika baadaye.

Tofauti iko kwenye kioo

Tableti ndogo ni ile ya inchi 7 hadi 9 hivi: Samsung, Lenovo, iPad mini na nyingine zisizo na jina. Kioo chake kina taa nyuma yake, na taa hiyo inakumulika machoni muda wote unaposoma. Mashine ya kusomea, yaani Kindle, Kobo, PocketBook ao Vivlio, inatumia wino wa elektroniki. Ndani ya kioo chake mna vifuko vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vyenye chembe nyeusi na chembe nyeupe. Umeme kidogo unazisukuma chembe juu ao chini, herufi zinajiandika, halafu umeme unaacha kufanya kazi. Chembe zinabaki pale zilipo mpaka ugeuze ukurasa. Ndiyo sababu mashine hiyo ikizimika, picha bado inabaki kwenye kioo.

Teknolojia hii ilitoka Marekani. Kampuni ya E Ink ilianza mwaka 1997. Sony iliuza mashine ya kwanza ya namna hiyo Japani mwaka 2004, na Kindle ya kwanza ikaja mwaka 2007.

Katika maisha ya hapa kwetu, tofauti hiyo unaiona mchana. Keti nje ya nyumba mwezi wa saba, jua kali, mbingu haina wingu. Kioo cha tableti kinageuka kioo cha kujitazamia. Wino wa elektroniki, kinyume chake, unazidi kuonekana, kwa sababu unasomeka kwa mwanga unaotoka nje. Usiku, mashine nyingi za siku hizi zina taa ndogo pembeni zinazomulika ukurasa kutoka mbele. Zile za zamani hazina taa kabisa, na ukinunua moja ya hizo utahitaji tochi. Uliza.

Gharama ya wino huo ni uzito wa mwendo. Ukurasa unageuka polepole, filamu haiwezekani, na nyingi ni nyeusi na nyeupe tu. Zipo za rangi, kama Kobo Clara Colour ya mwaka 2024, lakini rangi zake zimefifia kidogo na ukurasa wake una kivuli. Kwa ramani ya jiolojia ao mchoro wa anatomia, sizishauri.

Hatua ya kwanza: gawa faili zako

Faili za vitabu ziko za aina tatu, na hili ndilo jambo linalopaswa kukuchukulia muda.

EPUB na ndugu zake, MOBI na AZW3, ni maandishi yanayotiririka. Ukikuza herufi, mistari inajipanga upya, kioo kiwe kidogo namna gani. Faili za namna hii mashine ya kusomea inazipenda.

PDF yenye maandishi ni ukurasa uliokwisha kupangwa. Ukiukuza, ukurasa wote unakua, nawe unaanza kusukuma kushoto na kulia kila mstari.

PDF ya picha ni karatasi iliyopigwa skani ao picha. Mashine haioni herufi pale, inaona doa jeusi juu ya doa jeupe. Kamusi haitafanya kazi, kutafuta neno hakutafanya kazi.

Utazitambuaje hizi PDF mbili? Bonyeza neno moja kwa kidole, ukishikilia. Neno likipakwa rangi peke yake, ni maandishi. Likikataa, ni picha. Fanya hivyo kwa faili kumi unazozitumia sana. Kama saba ni EPUB, endelea kuwaza mashine ya kusomea. Kama saba ni picha za silabusi, mashine ya inchi 6 ondoa kichwani, hata mtu akikupunguzia bei.

Hatua ya pili: nenda kwa mtu wa fotokopi

Hapa nakupa jaribio la bei ndogo kuliko yote, na sijui kwa nini watu hawalifanyi.

Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Kioo cha inchi 6 kina upana wa sentimita 9 hivi. Upana wote wa A4 ukiingia mle, ukurasa unabaki asilimia 43 ya ukubwa wake. Tableti ya inchi 8.7 kama Galaxy Tab A9 ina upana wa sentimita 11 na kidogo, basi ukurasa unabaki asilimia 54. Herufi za ukubwa wa 12 zinashuka hadi 5 kwenye ile ya kwanza, na 6 na nusu kwenye ile ya pili.

Hizo ni tarakimu, na macho hayasomi tarakimu. Chukua ukurasa mmoja wa silabusi yako, wenye tanbihi na jedwali kama lipo, uende kwa mtu wa fotokopi karibu na kampasi. Mwambie: “Papa, nipunguzie ukurasa huu ufike asilimia 43 ya ukubwa wake, halafu nakala nyingine 54.” Mashine nyingi za fotokopi zinaweza. Rudi nyumbani, ukae mahali unaposomea, ujaribu kumaliza kurasa zote mbili. Ukishindwa kwenye karatasi, kioo hakitakusaidia.

Kuna njia mbili za kupunguza ukali wa hesabu hiyo. Ya kwanza ni kukata pambizo. Silabusi yenye pambizo ya sentimita 2 na nusu kila upande ina maandishi ya upana wa sentimita 16 tu; ukiondoa weupe wa pembeni, inchi 6 inapanda hadi asilimia 57 na inchi 8.7 hadi 70. Programu za bure kama KOReader na Librera zinakata pambizo hizo bila kuharibu faili yenyewe.

Ya pili ni kulaza kifaa. Tableti ya inchi 8.7 ikilazwa, upana wake ni sentimita 19, karibu A4 kamili, nawe unasoma karibu nusu ukurasa kwa mara moja. Mashine ya inchi 6 ikilazwa, na pambizo zimekatwa, inafika asilimia 76. Inasomeka. Ila kila ukurasa unakuwa vipande vitatu, na kwa ule mwendo wa polepole wa wino, mtu anayetafuta jibu usiku wa kuamkia mtihani atakata tamaa.

Kama kazi yako yote ni PDF za A4, nitasema kitu ambacho hukuniuliza: acha hizi zote mbili, utafute tableti ya inchi 10 iliyotumika. Haipendezi mfukoni, lakini inasomeka.

Hatua ya tatu: hesabu umeme

Matangazo yanasema mashine ya kusomea inakaa wiki nyingi. Ni kweli, lakini soma yale maandishi madogo. Amazon inaposema Kindle ya kawaida inadumu hadi wiki 6, inahesabu nusu saa ya kusoma kwa siku, intaneti ikiwa imezimwa. Zidisha: ni saa 21. Tableti nzuri inakupa saa kama 8 hadi 10 za kioo kikiwaka. Anayesoma saa tatu kila jioni hatapata wiki 6. Atapata wiki moja.

Hata hivyo wiki moja bado ni kubwa kwa mtaa ambao delestaje, ule mgao wa umeme, inakuja bila kubisha hodi. Halafu kuna faida nyingine: betri ya mashine ya kusomea ni ndogo, hivyo inajaa upesi kwa umeme mchache. Kobo Clara ina betri ya mAh 1,500 (mAh ni kipimo cha ukubwa wa betri). Galaxy Tab A9 ina mAh 5,100. Pauabanki ya mAh 10,000, ile ya kweli, inatoa kama 6,000 baada ya hasara za njiani. Itaijaza tableti mara moja na kidogo, ao Clara mara nne. Na paneli ndogo ya jua ya kuchajia simu inatosha kwa Clara siku yenye jua.

Mwanafunzi anayelala Katuba ao Ruashi, ambako umeme ukirudi usiku wa manane nyumba nzima inagombania soketi moja, aliwaze hilo sana. Simu ya baba itachajiwa kwanza. Tableti itakuwa ya mwisho.

Jambo lingine lisiloandikwa kwenye boksi: tableti nyumbani ni ya watu wote. Mdogo wako ataomba katuni, dada ataomba kupiga picha, na WhatsApp itakuita wewe mwenyewe. Mashine nyeusi na nyeupe isiyo na mchezo haiombwi na mtu. Kwangu mimi hiyo ni sababu nzito kuliko betri.

Hatua ya nne: vitabu vitaingiaje?

Watu wengi hapa hawana kompyuta ya kwao, kwa hiyo swali hili lifikirie kabla ya kulipa.

Kwenye tableti ni rahisi: faili inafika kwa WhatsApp ao kwa kadi memori, unaigusa, inafunguka. Programu ya ReadEra ni ya bure na inafungua karibu kila aina ya kitabu. Tableti pia inaweza kukusomea kwa sauti, hata kwa Kiswahili, kupitia sauti ya Google. Kwa mzazi ambaye macho yamechoka, ubishi unaisha hapo.

Kobo ukiichomeka kwenye kompyuta inaonekana kama fleshi ya kawaida. Unabandika EPUB, unachomoa, unasoma. Simu nyingi za Android zenye kebo ya OTG, ile ya kuunganisha simu na fleshi, nazo zinaweza kuifungua hivyohivyo, na hapo kompyuta huihitaji tena. Hizi ndizo sababu zilizonifanya tangu zamani niipendelee Kobo kwa mtu wa hapa, na bado.

Kindle ina masharti zaidi. Ukibandika EPUB kwa kebo, haitaifungua. Lazima uigeuze kuwa AZW3 kwa programu ya bure ya calibre kwenye kompyuta, ao uitume kwa huduma ya Send to Kindle, ambayo inapokea EPUB lakini inataka akaunti ya Amazon na Wi-Fi. Simu yako ikigawa intaneti, inatosha. Na tangu tarehe 26 Februari 2025, Amazon imeondoa njia ya kushusha vitabu ulivyonunua kwao kwenda kompyuta na kuvihamisha kwa kebo. Vitabu vyako mwenyewe bado unaweza kuviingiza kwa kebo.

Kununua vitabu ni habari nyingine. Maduka hayo yanataka kadi ya benki, ya Visa ao Mastercard. Ile M-Pesa ao Airtel Money unayolipia unga hailipi kule moja kwa moja. Kwa hiyo panga maisha yako juu ya vitabu vya bure na vya halali. Project Gutenberg, iliyoanza mwaka 1971, ina zaidi ya vitabu 70,000, vya Kifaransa vikiwa maelfu. Ebooks libres et gratuits ina vitabu vya Kifaransa vilivyopangwa vizuri. Gallica ya maktaba ya taifa ya Ufaransa ina hazina kubwa, ila nyingi ni skani, na sasa unajua maana yake. Kwa watoto, African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili, zenye picha za rangi: hizo zinataka tableti.

Kiswahili chenyewe hakisumbui mashine yoyote, hakina herufi za ajabu. Kinachokosekana ni kamusi yake ndani ya mashine. Ya Kifaransa utaipata, na kwa mwanafunzi anayesoma kwa Kifaransa, kugusa neno gumu na kupata maana yake papo hapo ni msaada mkubwa.

Hatua ya tano: sokoni, na macho mawili

Tableti utaziona mjini kati na kwenye soko la komini ya Kenya, mpya na zilizotumika. Mashine za kusomea ni adimu madukani. Nyingi zinakuja na ndugu wanaotoka Ubelgiji, Ufaransa ao Afrika Kusini, ao zinapita mpaka wa Kasumbalesa ndani ya mizigo mchanganyiko. Ukimwagiza ndugu, mwambie aibebe ndani ya ndege mkononi, kwa sababu ya betri. Kwa kulinganisha: Kindle ya kawaida ya mwaka 2024 ilitoka Marekani kwa dola 110 hivi, na Kobo Clara BW kwa dola 130. Ukiiona inauzwa mpya hapa kwa dola 40, jiulize.

Hadaa ya kwanza ni jina. Utasikia mnunuzi na muuzaji wakizungumza hivi:

“Yaya, hii ni ya kusomea vitabu?”

“Ndiyo, mama, inasoma vitabu, inacheza filamu, kila kitu.”

Ikicheza filamu ya rangi zinazong'aa, ni tableti ya bei ndogo iliyovalishwa jina. Ile ya kweli ukiilaza usingizi, picha inabaki kwenye kioo bila mwanga wowote. Itoe nje kwenye jua, uone.

Kwa mashine ya kusomea iliyotumika, geuza kurasa ishirini polepole. Mstari ao pembe isiyobadilika kamwe ni ufa ndani ya kioo, hata kama juu hakuna mkwaruzo. Usikubali maneno ya “itajirekebisha”. Kioo hicho hakirekebishwi, na kupata kingine ni vigumu. Alama hafifu za ukurasa uliopita, hizo ni za kawaida. Zima na washa taa. Angalia tundu la chaja: za zamani zina micro-USB, za sasa USB-C.

Halafu jambo la akaunti, ambalo ndilo linalowaliza watu. Kindle iliyoripotiwa kuwa imeibiwa haisajiliki tena. Kwa hiyo usilipe kabla ya kuisajili kwa jina lako palepale, kwa intaneti ya simu yako. Tableti ya Android nayo, muuzaji aifute yote mbele yako, kisha iwashwe mpaka ifike ukurasa wa kwanza. Ikiomba akaunti ya Google ya mwenye nayo wa zamani, irudishe mezani. iPad vilevile: ikiulizia Apple ID ya mtu mwingine, ni kipande cha kioo tu.

Tableti mpya isiyo na jina inayojidai ina GB 512 na bei ya viatu, inadanganya. Njia ya kuijaribu ni kuibandikia filamu kubwa kadhaa, halafu kuzifungua moja moja. Nafasi ya uongo ikijaa, zile za mwisho zinakataa. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo amekujibu tayari. Kwa kusoma, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 3 ao 4 inatosha. Kinachofaa kutazamwa ni kioo: chini ya pikseli 1280 kwa 800, herufi ndogo zinakuwa na meno.

Hatua ya sita: siku ya kwanza

Kwenye mashine ya kusomea, unganisha intaneti kwa ajili ya kusajili tu, halafu weka hali ya ndege. Usipofanya hivyo itashusha masasisho makubwa na mega zako zitaisha bila wewe kusoma hata mstari. Chagua lugha, kuza herufi mpaka usihitaji kukunja uso, na punguza taa usiku hadi chini kabisa panaposomeka.

Kwenye tableti, zima taarifa za programu zote isipokuwa ile ya kusomea. Weka rangi ya ukurasa iwe ya manjano ao nyeusi yenye maandishi hafifu. Kama unaweza, usiiwekee WhatsApp kabisa. Faili zipokee kwa simu, uzitume kwa Bluetooth. Ni kero, lakini kero hiyo ndiyo inayokufanya umalize sura nzima.

Vyote viwili vinataka mfuniko mgumu. Kioo cha wino mara nyingi kimejengwa juu ya glasi nyembamba, na begi la mwanafunzi ndani ya basi lililojaa kutoka Kampemba halina huruma. Vumbi la kiangazi, kati ya Mei na Septemba, linaingia kwenye tundu la chaja. Lisafishe kwa kijiti kikavu cha mbao, kifaa kikiwa kimezimwa, usitumie sindano.

Na faili zako ziwe na nakala mahali pengine, kwenye kadi memori ao kwenye simu ya mtu unayemwamini. Tableti inaibiwa upesi, na silabusi ya profesa aliyekwisha kustaafu haipatikani mara ya pili.